Taipei, mji wanakochochea kompyuta

KILA mji una soko linaloutambulisha. Mgeni wa Zanzibar huonyeshwa Darajani, wa Nairobi hupelekwa Gikomba, na wa Mombasa hakosi kupitishwa Marikiti. Mjini Taipei, katika kisiwa cha Taiwan, kijana apendaye kompyuta hahitaji kuelekezwa mara mbili. Hupanda treni ya chini ya ardhi hadi kituo cha Zhongxiao Xinsheng, akatokeza juu barabarani, akatembea dakika chache, na mbele yake akaliona jengo la orofa sita liitwalo Guang Hua Digital Plaza.

Humo hakuuzwi nguo wala vitunguu. Kuna prosesa, ambazo ndizo ubongo wa kompyuta. Kuna bodi kuu, zile mafundi wetu huziita mazabodi. Kuna kumbukumbu, feni, nyaya za kila rangi na visanduku vya vioo vinavyowaka taa kama mapambo ya arusi. Vibanda vimebanana bega kwa bega. Mteja hupewa karatasi yenye orodha ndefu ya bei, akatia alama anachotaka, na fundi akaanza kuunga mashine papo hapo huku mwenyewe akienda kunywa supu ya nyama na tambi mtaa wa pili. Akirudi, kompyuta inawaka.

Soko hili lina historia ya kupendeza, nayo haikuanza na kompyuta hata kidogo. Mnamo 1973, wauzaji wa vitabu vikuukuu wa mtaa wa Guling walihamishwa na kupewa nafasi chini ya daraja la Guang Hua. Wauza redio na vipuri vya umeme wakajisogeza karibu nao. Kisha kompyuta zikaja zikawafunika wote, vitabu vikabaki pembeni kama wazee katika karamu ya vijana. Daraja lenyewe lilibomolewa mwaka wa 2006, na jengo la sasa likafunguliwa 2008. Jina la daraja halikufa nalo.

Kinachowavuta wengi Taipei, lakini, si ununuzi peke yake. Huu ni mji ambako watu hununua prosesa iliyoandikwa na kiwanda kwamba iende kasi fulani, wakaifikisha nyumbani na kuilazimisha iende kasi zaidi. Wazungu wameipa kazi hiyo jina lao, nao vijana wa Nairobi hulitamka ovakloki. Mimi nitaiita kuchochea, kwa kuwa shughuli yote, toka mwanzo hadi mwisho, ni shughuli ya moto.

Tuieleze kwa ufupi. Ndani ya kompyuta mna kitu mfano wa mpiga ngoma, na kila mdundo wake prosesa hupiga hatua moja. Midundo bilioni moja kwa sekunde ndiyo gigahezi moja. Mwenye kiwanda hukata prosesa nyingi kutoka kisahani kimoja cha silikoni, naye hujua kuwa hazikutoka sawa, kama vile maandazi ya kikaango kimoja yasivyotoka sawa. Huzipima, akaziandikia mwendo ambao hata ile dhaifu katika kundi lake itaweza kuuhimili kwa miaka mingi, chumbani penye joto, bila ya kukosea hesabu. Basi ile yenye nguvu hubaki na akiba isiyotumika. Mchocheaji huongeza mdundo wa ngoma, akaongeza na volti kidogo ili prosesa isiyumbe, akatumaini kwamba aliyoiokota ni ile yenye akiba. Ni bahati nasibu.

Taiwan ina haki ya kuwa nyumbani kwa mchezo huu. MSI na Gigabyte, kampuni mbili zinazotengeneza bodi kuu, zilianzishwa huko mwaka wa 1986, na ASUS ikafuata 1989. Zote tatu makao yake yako Taipei au viungani mwake. Ukipanda treni ya mwendo wa kasi kuelekea kusini, katika muda wa kama nusu saa utakuwa Hsinchu, ambako TSMC, kampuni iliyoundwa 1987, hutengeneza prosesa za nusu ya ulimwengu unaoujua. Mtoto wa Taipei anaweza kuwa na shangazi anayefanya kazi katika kiwanda kilichotengeneza bodi iliyoko mezani pake.

Mwaka unaokumbukwa na wachocheaji wote ni 1998. Mwezi wa Agosti mwaka huo, kampuni ya Intel ya Marekani ilitoa prosesa ya bei nafuu iitwayo Celeron 300A, yenye mwendo wa megahezi 300, kwa dola 149. Wakati huohuo ikatoa Pentium II ya megahezi 450 kwa dola 669. Haukupita muda, watu waligundua kwamba wakibadilisha mpangilio mmoja tu kwenye bodi kuu, mapigo ya njia kuu ya kupitishia data yakatoka 66 yakawa 100, ile Celeron maskini ilikwenda megahezi 450 bila kulalamika. Si zote, lakini nyingi. Yaani mwanafunzi aliweza kupata karibu kila kitu cha tajiri kwa chini ya robo ya bei! Miaka miwili baadaye, wenye prosesa za AMD walifanya la ajabu zaidi. Kampuni ilikuwa imekata vijidaraja vidogo juu ya prosesa ili mwendo usibadilishwe, nao wakaviunganisha tena kwa kuchora kwa penseli ya kawaida, kwani risasi ya penseli hupitisha umeme. Penseli ya senti chache ikafungua mlango uliofungwa kwa leza.

Kutokana na enzi hiyo uchocheaji ulipata sifa ambayo bado unaiishia hadi leo, kwamba ni njia ya mtu mwenye mfuko mwepesi kumfikia mwenye mfuko mzito. Tuliweke hilo kando kwanza, tutalirudia.

Kila mwaka, aghalabu mwishoni mwa Mei au mwanzoni mwa Juni, Taipei hufanya maonyesho makubwa ya kompyuta yaitwayo Computex katika kumbi za Nangang, mashariki mwa mji. Maonyesho hayo yalianza 1981. Wakati huo joto la nje hupita nyuzi 30 na unyevu hukushika mwilini kama kanga iliyolowa, maana mji umekaa bondeni na milima imeuzunguka. Ndani ya ukumbi, hata hivyo, huenda ukakuta meza ambazo juu yake panafuka mvuke mweupe unaomwagika hadi sakafuni. Hao ndio mabingwa wa kuchochea. Kampuni ya kumbukumbu ya G.Skill, iliyo na makao papo hapo Taipei, imeandaa mashindano yao katika maonyesho hayo kwa miaka mingi.

Inafaa kuwaona wakifanya kazi. Bodi kuu imelazwa wazi mezani, haina kisanduku. Juu ya prosesa wamefunga kopo refu la shaba, na bingwa humimina ndani yake naitrojeni iliyogeuzwa kiowevu, yenye baridi ya nyuzi 196 chini ya sufuri, kutoka katika chupa kama ile ya chai. Baridi hiyo huvuta unyevu wa hewani ukawa maji, na maji yakigusa bodi ndio mwisho wake. Kwa hiyo bodi hupakwa Vaseline, ndiyo, Vaseline ileile ya kumpaka mtoto baada ya kuoga, au hufunikwa kwa ufutio laini wa wachoraji. Na baridi ikizidi mno prosesa hugoma kuwaka, ndipo bingwa hushika kichomeo cha gesi na kulipasha moto kopo alilotoka kuligandisha sasa hivi. Mkono mmoja barafu, mkono mwingine moto. Watazamaji husimama wamefunga vidole masikioni wakidhani kitu kitalipuka.

Kwa mbinu kama hizo, mwishoni mwa mwaka wa 2022 timu ya ASUS iliivusha prosesa ya Intel kupita gigahezi 9 kwa mara ya kwanza, ikitumia heliamu ya kiowevu ambayo ni baridi kuliko hata naitrojeni. Lakini nakuomba uangalie jambo moja. Rekodi ya namna hiyo haihitaji kompyuta iishi. Inahitaji ipumue kwa sekunde chache, muda wa kutosha programu kusoma mwendo na kuuandika. Hakuna aliyewahi kuandika barua ya kazi kwenye mashine ya gigahezi 9. Isitoshe, prosesa ikiungua pale mezani, mara nyingi gharama si ya bingwa. Ni ya kampuni iliyomdhamini, nayo ina sanduku zima la nyingine chini ya meza.

Hapo ndipo ilipo tofauti ambayo vijana wetu wanaotazama picha za mashindano hayo hawaioni. Hatari si ya prosesa tu. Ni ya yule atakayenunua nyingine.

Tuitazame hatari yenyewe. Joto la prosesa halipandi sambamba na mwendo. Hupanda na mwendo, kisha hupanda tena na volti ikizidishwa kwa volti. Ukiongeza mwendo kwa asilimia 10 na volti kwa asilimia 10, joto halitaongezeka kwa 10 wala kwa 20, litaongezeka kwa takriban thuluthi moja. Joto hilo lisipoondolewa, prosesa ya kisasa ikikaribia nyuzi 100 hujipunguza mwendo yenyewe ili isiungue, na mchocheaji akabaki na mashine yenye kelele za feni, inayokula stima, na isiyokwenda kasi kuliko jana. Juu ya hayo, volti nyingi pamoja na joto huzisukuma chembe za metali ndani ya njia nyembamba mno za prosesa, kidogo kidogo, mwezi baada ya mwezi, mpaka njia imekatika au imegusana na jirani yake. Prosesa iliyokufa hivyo haitoi moshi. Siku moja huanza kukwama bila sababu.

La kuudhi zaidi, kwa maoni yangu, ni makosa madogo. Prosesa au kumbukumbu iliyochochewa kupita kiasi inaweza kucheza gemu saa tatu vizuri kabisa, kisha ikakosea hesabu moja wakati wa kuhifadhi faili. Gemu haitajali. Tasnifu ya dada mkubwa iliyo katika mashine hiyohiyo itajali sana.

Wala tusidhani haya huwapata wanagenzi peke yao. Mwaka wa 2023 baadhi ya prosesa za AMD za aina ya Ryzen 7000X3D ziliungua ndani ya bodi zake. Chanzo kilikuwa volti iliyopanda mno, aghalabu pale mwenyewe alipowasha tu mpangilio wa kuharakisha kumbukumbu, jambo ambalo wengi hawalihesabu kuwa ni kuchochea. AMD ikaweka kikomo cha volti 1.3 katika sehemu hiyo. Mwaka uliofuata, 2024, Intel ilikiri kwamba prosesa zake za mezani za kizazi cha 13 na cha 14 zilikuwa zikipata volti kupita kiasi na kuharibika, hata za watu ambao hawakuwa wamegusa lolote. Ilitoa marekebisho na kuongeza waranti kwa miaka miwili, ila iliyokwisha kuharibika haikuponywa na marekebisho hayo. Ikiwa wenye kiwanda, pamoja na vipimo vyao vyote, waliweza kuvuka mpaka, seuze kijana aliyejifunza kwa video moja usiku wa Ijumaa?

Na faida je? Hapa ndipo nilipoahidi kurudi. Mwaka wa 1998 mchocheaji wa Celeron alipata nusu nzima ya mwendo bure. Siku hizi kiwanda chenyewe kimekuwa mchocheaji. Tangu mwaka wa 2008 prosesa za Intel zimekuwa na uwezo wa kujiongezea mwendo zenyewe kazi inapokuwa nzito na joto linaporuhusu, na wengine wamefuata mtindo huo. Prosesa ya i9-14900K, iliyotoka Oktoba 2023, hujifikisha yenyewe gigahezi 6 na kula wati 253. Ukihangaika na feni, maji na usiku usiolala ukaifikisha 6.2, umepata asilimia 3 hivi. Tena katika michezo mingi inayocheleweshwa na kadi ya grafiki, asilimia hizo hutazioni kabisa kwenye skrini. Akiba ile waliyokuwa wakiiokota vijana wa zamani, kiwanda kimekwisha kuiuza.

Isitoshe, Intel huruhusu kuchochea kikamilifu prosesa zake zenye herufi K tu mwishoni mwa jina, nazo huuzwa ghali kuliko dada zake. Bodi inayokubali nayo ni ya bei, kipoza joto ni cha bei. Kijana wa Guang Hua akijumlisha yote hayo kwenye karatasi yake, mara nyingi ataona kwamba pesa hizo zingemnunulia kadi ya grafiki iliyo bora zaidi. Kwa hiyo wengi wanaoendelea Taipei hawafanyi kwa kuokoa fedha tena. Wanafanya kwa kupenda, kama watu wafugavyo njiwa. Na ikiharibika, anashuka orofani kwa treni ya chini ya ardhi na jioni ana nyingine.

Sasa tuirudishe Nairobi. Kompyuta za michezo zinazonunuliwa na familia nyingi mjini, katika maduka ya Luthuli na Moi Avenue, ni zile zilizotumika maofisini ng'ambo zikaletwa huku, kisha zikatiwa kadi ya grafiki. Si mashine mbaya, lakini prosesa zake kwa kawaida hazina ile herufi K, na bodi zake zilitengenezewa makarani. Kisanduku chake cha umeme aghalabu hakizidi wati 300. Ndiyo sababu waweza kumsikia fundi akimwambia mzazi aliyetumwa na mwanawe:

"Mama, hii ya kijana haichocheki. Ilifungwa kiwandani."

"Sasa nimwambieje? Anasema inakwama akicheza."

"Mwambie tutaipangusa vumbi, tuitie pesti mpya, halafu tuiongezee kumbukumbu ya pili. Ataona mabadiliko."

Fundi huyo amesema kweli. Pesti ni ile krimu ya kupitishia joto kati ya prosesa na kipoza chake, nayo hukauka ikawa kama chaki baada ya miaka. Kumbukumbu mbili zikikaa pamoja huifungulia prosesa njia mbili badala ya moja, na kwa mashine isiyo na kadi ya grafiki ya kando, faida yake inaweza kupita uchocheaji wowote.

Kuna na jambo la hewa. Nairobi iko karibu mita 1,700 juu ya bahari, na hewa yake ni nyepesi kuliko ya Mombasa kwa zaidi ya asilimia 15. Feni husukuma hewa, na hewa nyepesi hubeba joto kidogo. Baridi ya Julai husaidia, lakini si sana ikiwa kompyuta imebanwa kati ya kabati na ukuta. Mombasa hewa ni nzito lakini ina joto tangu asubuhi. Mipangilio ya mtu wa Ulaya, ambaye chumba chake kina nyuzi 18, isinakiliwe tarakimu kwa tarakimu.

Na waranti. AMD husema wazi kwamba kuichochea prosesa, pamoja na kumbukumbu, hufuta waranti yake. Taipei mwenye duka ni jirani. Mtu wa Nairobi aliyeagiza kutoka nje atalipa nauli ya kuirudisha, angoje wiki kadhaa, na huenda akajibiwa hapana.

Kwa yule ambaye ana mashine inayokubali, ana kipoza kizuri, na fedha alizonunulia ni zake mwenyewe, sitamzuia. Anakili faili za nyumba nzima mahali pengine kwanza. Aanze na kadi ya grafiki kabla ya prosesa, kwani watengenezaji huwa wameweka kikomo cha volti kisichovukwa kwa urahisi. Apande hatua ndogo, aandike kila hatua daftarini, kisha aiache mashine ijaribiwe kwa saa kadhaa na programu kama Memtest86 au OCCT, si kwa dakika tano. Volti aziguse mwisho, na akiweza asiziguse. Tena kuna njia nyingine inayopendwa siku hizi hata na wale mabingwa, nayo ni kuzipunguza volti badala ya kuziongeza. Prosesa ikipoa, ule uwezo wake wa kujiharakisha hupata nafasi, na bili ya stima hushuka. Haina mvuke wala watazamaji, lakini inafaa nyumbani.

Kwa msafiri atakayefika Taipei, hakuna ndege ya moja kwa moja kutoka Nairobi. Wengi hubadili Dubai au miji mingine ya Asia. Kutoka uwanja wa Taoyuan, treni ya haraka hufika katikati ya mji kwa kama dakika 35. Maduka ya Guang Hua huchangamka kuanzia saa nne asubuhi, na mtaa wa Bade ulio karibu nao una mengine mengi. Uliza kama waranti inafanya kazi nje ya Taiwan, wakuandikie. Tunza risiti kwa ajili ya forodha. Na ukinunua kisanduku cha umeme, kumbuka kwamba Taiwan hutumia volti 110 nasi hutumia 240. Vya kisasa vingi hujirekebisha vyenyewe. Vya zamani vina kiswichi kidogo chekundu mgongoni, na ukikisahau kwenye 115 kabla ya kuchomeka ukutani huku kwetu, utasikia mlio mmoja tu.